Mvua Haimo Daftarini: Uwanja wa Majira Yote katika Historia ya Mbio za Farasi

Katika shule ya msingi niliyosoma karibu na Onduparaka, ofisini kwa mwalimu wa michezo, kuna daftari la jalada jeusi ambamo matokeo ya mbio za kila mwaka huandikwa. Likizo iliyopita niliomba ruhusa nilisome. Nilikuwa nikitafuta mbio moja tu, mita 800 za wavulana, za mwaka ambao mimi na binamu yangu tulikuwa darasa la saba. Niliziona. Jina lake limo, nafasi yake imo, muda wake umo. Alikuwa wa kwanza katika kundi la pili. Chini ya majina hayo umepigwa mstari wa wino mwekundu, kisha wameorodheshwa watoto wanne waliokwenda kuiwakilisha shule. Binamu yangu hayumo.

Nakumbuka vizuri ilivyokuwa. Kundi la kwanza lilikimbia Jumatano alasiri, kiwanja kikiwa kikavu. Usiku mvua ya Julai ikanyesha mpaka alfajiri. Alhamisi kundi la pili likakimbia huku kona ya mashariki, ile inayopakana na shamba la mihogo, ikiwa imejaa maji, na kila mkimbiaji akaizunguka kwa nje. Kisha uteuzi ukafanywa kwa kulinganisha muda, makundi yote mawili yakichanganywa. Binamu yangu aliikosa nafasi ya nne kwa sekunde 2. Hakulalamika, lakini tangu siku hiyo hakushiriki mbio tena. Mtu atakayelisoma daftari lile miaka 50 ijayo ataona mtoto ambaye kasi yake haikutosha. Neno mvua halimo.

Insha hii imetokana na daftari hilo, ingawa sehemu yake kubwa inahusu farasi. Ninadai mambo mawili. Kwanza, katika mbio yoyote ardhi na umbo la uwanja huchangia matokeo, kwa hiyo matokeo yaliyoandikwa bila hali ya ardhi ni nusu ya ushahidi. Pili, watu waliojaribu kutengeneza uwanja usiojali mvua wala baridi, yaani uwanja wa majira yote, hawakuiondoa ardhi katika mbio. Waliihamisha tu: faida iliyokuwa ya farasi wa aina moja ikaenda kwa farasi wa aina nyingine.

Kwa nini farasi

Msomaji atauliza mtu wa Onduparaka ana nini na farasi. Kwetu jina hili linajulikana nchini kote kwa sababu ya mpira, tangu timu yetu ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016. Farasi hatuna. West Nile ni nchi ya mbung'o, na malale yanayomuua mtu yana ndugu zake wanaomuua mnyama. Zaidi ya hayo kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, ambao hushamiri majira ya mvua. Punda utawaona wakivuka mpaka na mizigo. Farasi mimi nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa tayari chuoni, Kampala, chini ya askari polisi.

Habari za mbio nilizipata kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye kama vijana wengi wa kwetu alikwenda Dubai kufanya kazi ya ulinzi. Usiku wa Kombe la Dunia la Dubai, mojawapo ya mbio kubwa za farasi katika Ghuba, alikuwa zamu karibu na uwanja wa Meydan. Alinipigia simu akishangaa. Hakushangazwa na farasi wala na matajiri, bali na mchanga. "Kila wakimaliza mbio moja," aliniambia, "matrekta yanaingia, yanapiga haro, halafu maboza yanamwaga maji. Kama ile barabara ya Koboko kabla ya lami."

Maneno hayo yalinikaa kichwani, kwa sababu ile barabara wazee wa kwetu waliiita barabara ya majira yote. Ilikuwa ya udongo mwekundu na changarawe, mpaka ilipowekwa lami katika muongo wa 2010. Kuitwa hivyo hakukumaanisha kwamba mvua haikuigusa. Kulimaanisha kwamba lori lingefika Koboko hata mwezi wa Septemba. Lingefika saa ngapi, na dereva gani angefika mbele ya wenzake, hayo yalitegemea mvua ya jana. Nilipoanza kusoma habari za viwanja vya farasi vya majira yote, nilikuta historia yake inafanana mno na ya barabara yetu.

Nyasi, na desturi ya kuandika hali ya ardhi

Mbio za farasi za kisasa zilikulia Uingereza, juu ya nyasi. Nyasi hubadilika kila siku. Jua likiwaka ardhi inakazana, kwato inagonga na kuruka. Mvua ikinyesha kwato inazama, na kila hatua farasi analipa nguvu ya ziada kuivuta. Kuna farasi wepesi wa miguu wanaopenda ardhi kavu, na kuna wenye misuli mizito na kwato pana ambao hungojea tope.

Waingereza walilikubali jambo hili mapema, na hapo ndipo nilipowaonea wivu. Karibu na kila matokeo ya mbio huandika hali ya ardhi kwa daraja zinazojulikana: ngumu, imara, nzuri, laini, nzito, na daraja za katikati. Kwa hiyo anayesoma kumbukumbu zao anaweza kufanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya kwa daftari la shule yangu.

Chukua mfano wa Derby ya Epsom, inayokimbiwa tangu mwaka 1780, umbali wa takriban mita 2,400. Mwaka 2010 farasi Workforce aliishinda kwa dakika 2 na sekunde 31.33, muda wa rekodi. Mwaka 1983 Teenoso aliishinda kwa dakika 2 na sekunde 49.07. Tofauti ni zaidi ya sekunde 17, na katika mbio za farasi sekunde moja ni karibu mita 16. Mtu akiwa na orodha ya muda peke yake atasema Teenoso alikuwa farasi dhaifu aliyebahatika. Lakini kumbukumbu inasema pia kwamba siku ile ya 1983 ardhi ilikuwa nzito kwa mvua. Na mwaka uliofuata Teenoso huyohuyo alishinda mbio za King George pale Ascot, mbele ya farasi bora wa Ulaya. Udhaifu uliokuwapo ulikuwa wa ardhi. Farasi alikuwa mzima.

Afrika Mashariki mchezo huu ulifika pamoja na walowezi. Nairobi, waliotunza farasi walikuwa masaisi Waafrika, na waliowamiliki na kuketi jukwaani walikuwa Wazungu. Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo farasi hawapo huko, ila katikati ya jiji bado kuna barabara iitwayo Race Course Road, na mpita njia makini anaweza kuanza historia kwa kusoma kibao tu. Mwaka 1954 mbio zilihamia barabara ya Ngong, ambako zinaendelea hadi sasa, juu ya nyasi, kwenye nyanda za juu zenye mvua za msimu mara mbili kwa mwaka. Miinuko hiyo ndiyo iliyowapa farasi uhai ambao West Nile isingewapa. Hata hivyo Ngong ni nyasi. Anayetaka kuona kilichotokea watu walipojaribu kuikwepa mvua kabisa lazima atoke nje ya Afrika Mashariki, na nitafanya hivyo baada ya kusema neno moja kuhusu kona.

Hesabu ya kona

Watu husahau kwamba umbo la uwanja nalo ni hali ya mbio. Uwanja wa Chester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mzunguko wake ni karibu kilomita 1.7 tu, na farasi wako kwenye kona karibu muda wote. Huko, katika mbio fupi, farasi anayeanzia kizimba cha ndani ana faida inayojulikana na kila mtu, na bei za kamari huonyesha hivyo. Pale ambapo sehemu iliyonyooka kabla ya mwisho ni fupi, anayeongoza kwenye kona ya mwisho huwa vigumu kupitwa. Pale ambapo ni ndefu, wanaojificha nyuma hupata nafasi ya kufungua mbio zao. Epsom ina mlima, kisha mteremko unaopinda kushoto, na farasi asiyejua kujisawazisha akishuka hupoteza mbio hapo hata kama ndiye mwenye kasi kuliko wote.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia. Kona ya nusu duara, iwe kubwa au ndogo, humtoza mkimbiaji umbali uleule kwa kila mita anayokaa nje: karibu mita 3.14. Farasi anayezunguka kona hiyo mita 3 nje ya mwenzake hukimbia zaidi ya mita 9 za ziada. Urefu wa farasi mmoja ni karibu mita 2.4. Maana yake ni kwamba ametoa zawadi ya urefu wa karibu farasi wanne kabla hatujauliza nani ana kasi.

Sasa unganisha kona na ardhi. Wakati wa mvua upande wa ndani, ambao umekanyagwa zaidi, huharibika kwanza. Mpanda farasi huchagua kati ya njia fupi yenye tope na njia ndefu iliyo kavu. Hakuna jibu moja. Wengi wa washindi wa siku za mvua walishinda kwa uamuzi wa mtu aliye mgongoni zaidi kuliko kwa miguu ya mnyama.

Kuzaliwa kwa uwanja wa majira yote

Katika miaka ya 1980 Uingereza ilikuwa ikipoteza siku nyingi za mbio kila kipupwe kwa sababu ya barafu na mafuriko. Siku isiyo na mbio ni siku isiyo na kamari, na kamari ndiyo inayolipa gharama za mchezo. Kwa hiyo tarehe 30 Oktoba 1989 uwanja wa Lingfield Park, kusini mwa London, ulifanya mbio za kwanza za majira yote nchini humo, na Southwell ukafuata mwaka huohuo. Wolverhampton ulijiunga mwaka 1993, ukiwa na taa za usiku.

Ufundi wake unaeleweka kirahisi kwa mtu aliyewahi kuona barabara ikijengwa. Chini kuna mabomba ya kupitisha maji, juu yake kokoto, juu yake tabaka la mchanga uliochanganywa na nyuzi, na katika aina nyingine vipande vya mpira. Mchanga huo hupakwa nta au mafuta ili chembe zishikane na zisinywe maji. Mvua ikinyesha maji hayakai juu, yanateremka moja kwa moja hadi kwenye mabomba.

Walioahidi walisema sasa mbio zitakuwa sawa mwaka mzima. Lakini viwanja hivyo viwili vya kwanza havikufanana. Southwell iliwekewa mchanga wenye nyuzi, mzito na wa kina, na wenye mbio walijua kwamba kuna farasi wanaoshinda Southwell mara kwa mara na hawashindi kwingine. Lingfield ilikuwa nyepesi zaidi, tena ina mteremko kabla ya kona ya mwisho. Mchanga unaorushwa na kwato za walio mbele huwapiga usoni walio nyuma, na farasi asiyezoea huinua kichwa na kukata tamaa. Hapo anayeongoza anapata faida ambayo kwenye nyasi hana.

Hata hali ya hewa haikuondoka. Nta hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi, kwa hiyo ardhi ya asubuhi si ardhi ya saa nane mchana. Ndiyo maana mpaka leo matokeo ya viwanja vya majira yote nayo huandikwa pamoja na daraja za ardhi: ya haraka, ya kawaida, ya taratibu. Kama uwanja ungekuwa kweli haujali majira, safu hiyo ingekwisha kufutwa zamani.

Dubai: jaribio lililofanyika bila kukusudiwa

Mwanahistoria hana maabara. Hawezi kurudia mbio za jana akibadilisha mchanga peke yake. Lakini Dubai ilimfanyia kazi hiyo, au karibu na hiyo, ndiyo maana simu ya kaka yangu ilinifaa.

Kombe la Dunia la Dubai lilianza mwaka 1996 katika uwanja wa Nad Al Sheba, umbali wa mita 2,000, juu ya udongo wa mchanga kama ule wa Marekani. Mshindi wa kwanza alikuwa Cigar, farasi wa Marekani. Katika mbio 14 za kwanza, hadi mwaka 2009, farasi waliofunzwa Marekani walishinda mara 8. Waliobaki wengi wao walikuwa wa wenyeji wa Dubai. Mwaka 2009 Mmarekani Well Armed aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 14.

Mwaka 2010 mbio zilihamia Meydan, uwanja mpya wenye njia mbili: ya nje ya nyasi, mzunguko wa mita 2,400, na ya ndani ya mita 1,750. Ile ya ndani, inayotumika kwa Kombe, iliwekwa Tapeta, mchanganyiko wa mchanga, nyuzi na nta uliobuniwa na Michael Dickinson, aliyekuwa mfunzi wa farasi. Umbali wa mbio ulibaki uleule na zawadi ilibaki kubwa. Washindi wakabadilika. Mwaka 2010 alishinda Gloria de Campeao, mzaliwa wa Brazil aliyefunzwa Ufaransa. Mwaka 2011, wiki mbili tu baada ya tetemeko na tsunami iliyoiumiza Japani, alishinda Victoire Pisa, Mjapani wa kwanza kulitwaa Kombe hilo. Kisha Monterosso na, mwaka 2014, African Story, wote wa wenyeji. Katika miaka hiyo 5 Marekani ilishinda mara 1 tu, kwa Animal Kingdom mwaka 2013, farasi ambaye alikuwa amekwisha kushinda juu ya ardhi sanisi kwao.

Wamarekani wengi hawakuleta tena farasi wao. Kabla ya Kombe la mwaka 2015 Tapeta ikaondolewa na udongo ukarudishwa. Mwaka 2016 akashinda California Chrome na mwaka 2017 Arrogate, wote wa Marekani. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Hapa kwao hakukuwa nchi bali tabaka la sentimita chache chini ya kwato.

Sidai kwamba mchanga ndio uliofanya yote. Farasi wa mwaka mmoja si wa mwaka mwingine, na waliobaki nyumbani hawawezi kushinda. Lakini kubaki nyumbani kwenyewe kulisababishwa na ardhi. Tena yupo shahidi mmoja aliyekimbia pande zote mbili. Mwezi Machi 2008 Curlin alishinda Dubai juu ya udongo kwa karibu urefu wa farasi 8. Oktoba mwaka huohuo, Santa Anita huko California, umbali karibu uleule lakini juu ya ardhi sanisi, alimaliza wa 4. Wa kwanza na wa pili, Raven's Pass na Henrythenavigator, walitoka Ulaya, ambako walikuwa wamezoea nyasi. Kwa kwato zao ardhi sanisi ilikuwa karibu na kwao kuliko ilivyokuwa kwa Curlin.

California: pale ambapo ardhi huua

Mpaka hapa nimezungumzia nani anashinda. Kuna swali zito zaidi, nani anarudi bandani akiwa hai. Farasi ana uzito wa karibu kilo 500 na hukimbia zaidi ya kilomita 55 kwa saa juu ya mfupa wa mguu mwembamba kuliko mkono wa mtu mzima. Ardhi ikiwa haishikamani sawasawa, mfupa unavunjika, na mara nyingi mnyama hapati matibabu ila kuuawa papo hapo.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 California iliviagiza viwanja vyake vikubwa viweke ardhi sanisi kabla ya mwisho wa mwaka 2007. Takwimu za Marekani za kuanzia mwaka 2009 zilionyesha kwamba wazo hilo lilikuwa na msingi: katika miaka ya mwanzo farasi waliokufa juu ya udongo walikuwa karibu 2 kwa kila 1,000 walioanza mbio, na juu ya ardhi sanisi karibu 1.2.

Pamoja na hayo Santa Anita iliirudisha njia ya udongo mwishoni mwa mwaka 2010. Sababu zilikuwa nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 mvua ilipokuja, maji yalikataa kupita kwenye tabaka jipya, na uwanja wa majira yote ukafungwa kwa ajili ya mvua. Wafunzi walilalamika, wafugaji waliokuwa wamezalisha farasi wa udongo kwa vizazi waliona mali yao inashuka thamani, na wacheza kamari walisema hawawezi tena kuisoma mbio. Kisha kati ya Desemba 2018 na Juni 2019, majira yenye mvua nyingi isivyo kawaida, farasi 30 walikufa katika uwanja huohuo. Mwezi Machi mbio zilisimamishwa. Mjadala wa ardhi sanisi ukafufuka ghafla, kana kwamba takwimu za miaka 10 nyuma hazikuwahi kuandikwa.

Hapo ndipo ninapoona kwamba kuandika hali ya ardhi si jambo la mapambo. Palipo na kumbukumbu, angalau watu wanaweza kurudi na kuulizana walijua nini na lini.

Safari Rally: ushahidi wa nyumbani

Msomaji asiyejali farasi anaweza kuyaona haya yote karibu zaidi. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, 7 yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Peugeot. Mara ile ya 1963 na ya 1968 haziwezi kuitwa bahati. Mtu yule alijua tope.

Kwa karibu miaka 20 madereva wakubwa wa Ulaya walikuja na kushindwa na wenyeji kama Joginder Singh. Wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Mwaka uliofuata alishinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alifikisha ushindi mara 5. Hakuna aliyedai kwamba Wazungu wale hawakujua kuendesha. Kila mtu alisema ni barabara. Basi kwa nini mtoto wa shule akikosa sekunde 2 tunasema ni miguu yake?

Hitimisho

Nimerudi kwenye daftari. Kona ya mashariki ya kiwanja chetu ni nusu duara, na katika mita 800 hupitwa mara mbili. Nikikumbuka vizuri, dimbwi liliwasukuma wakimbiaji kama mita 2 nje. Kwa hesabu niliyoeleza, binamu yangu alikimbia karibu mita 12 na nusu zaidi ya watoto wa Jumatano. Kwa kasi aliyokuwa nayo, hizo ni karibu sekunde 2 na nusu. Alikosa kwa sekunde 2.

Natambua udhaifu wa hoja yangu. Mimi ni ndugu yake, dimbwi silioni tena, na mita 2 ni kumbukumbu ya mtoto wa darasa la saba. Huenda watoto wale wanne wangemshinda hata kwenye lami. Siwezi kuthibitisha, na hilo ndilo tatizo lenyewe: mstari mmoja tu wa maandishi siku ile ungetosha, na haukuandikwa. Waingereza walilipa fedha nyingi kujenga uwanja usiojali mvua, na bado hawakuthubutu kuacha kuandika hali yake. Sisi ambao hatuna mabomba wala nta chini ya viwanja vyetu tuna haja zaidi ya safu hiyo, na gharama yake ni wino.

Kwa wenzangu tunaosoma historia, funzo halihusu michezo peke yake. Tunapofungua majalada ya mavuno, ya kodi, ya mitihani, tunakuta nafasi na tarakimu, na tunapanga watu kwa kasi zao. Kabla ya kuwapanga tuulize kona ya mashariki ilikuwaje siku hiyo.

Mwezi wa Julai mwalimu wa michezo aliniruhusu nimsaidie kuandika matokeo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Pembeni mwa kila mbio, kwa kalamu ya buluu, niliandika: ardhi nzito, maji kona ya mashariki. Mwalimu alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama safu hiyo tuichore kwa rula katika kurasa zilizobaki. Tuliichora mpaka ukurasa wa mwisho.